Kochi Lililotoka Njiro

Kochi la kwanza lilivunjika Jumapili, shangazi Marta akiwa amekaa juu yake.

Nasema lilivunjika, lakini halikupasuka wala kupiga kelele. Lilishusha pumzi kama mtu aliyetua gunia, likafunguka katikati, na shangazi akazama taratibu, kikombe cha chai mkononi. Alizama mpaka magoti yakafika usawa wa kidevu. Chai haikumwagika hata tone. Kwa hilo namheshimu mpaka leo.

Shangazi Marta ni dada mkubwa wa baba yake Brenda, na Brenda ndiye msichana ninayemuoa. Wao ni Wameru wa Akheri, watu wa kahawa na migomba, Walutheri kuanzia mababu. Katika ukoo wao msichana hatolewi mpaka shangazi aende kwanza kuiona nyumba ya mwanamume. Haendi kuhesabu vyumba. Anakwenda kukaa. Anakaa, anakunywa chai, anatazama kuta, kisha anarudi mlimani na kusema ndiyo au hapana, na akisema hapana hata mchungaji habishani naye. Mimi nimepanga vyumba viwili huku Terrat, natengeneza simu Ngarenaro, na kwa ajili ya siku hiyo nilikuwa nimenunua kochi jekundu la mahameli, jekundu la kumsimamisha mpita njia dirishani.

"Nivuteni," alisema shangazi kutoka shimoni.

Nikashika mkono mmoja, Brenda akashika mwingine. Mzee Thomasi, mdogo wake shangazi aliyekuja kumsindikiza, alibaki kwenye stuli ya plastiki akicheka mpaka akavua miwani. Shangazi alipotoka hakukung'uta hata gauni. Aliinama, akaingiza mkono ndani ya kochi, akaanza kutoa vitu na kuvipanga sakafuni. Kipande cha banzi. Misumari iliyopinda. Majani makavu. Kiroba cha unga. Mwisho akatoa mkono mzima wa sweta la shule.

"Kumbe kochi limesoma," alisema mzee Thomasi.

"Nyamaza, Thomasi. Lemayian, hili kochi ulilinunua kwa nini?"

"Ni zuri, shangazi."

"Zuri kivipi?"

Nilitafuta neno. Mimi si mtu wa kukosa maneno, lakini siku hiyo yote yaliingia kwenye lile shimo. "Rangi," nikasema.

Shangazi akamgeukia Brenda, akamtazama kuanzia kichwani mpaka viatuni. Brenda ni mrembo, hilo hata majirani wasionipenda wanakubali. Kisha akanirudia mimi.

"Na mtoto wetu ulimchagua hivyo hivyo?"

Hakuna aliyecheka, hata mzee Thomasi.

"Nitarudi Jumamosi," alisema shangazi akifunga kitenge chake. "Nikikuta umenunua kitu kwa akili, tutakaa na tutapanga siku ya harusi. Nisipokuta, Brenda anarudi mlimani, na wewe utafute msichana wa mahameli."

Niliwasindikiza mpaka barabarani. Brenda alichelewa nyuma kidogo ili tuongee.

"Si ungeniambia tukanunue wote?"

"Nilitaka iwe sapraizi."

"Imekuwa," alisema, akaondoka.

Jumatatu asubuhi nililipeleka lile kochi kwa aliyeniuzia, jamaa mmoja anaitwa Ephraimu, anayepanga makochi pembeni ya barabara. Nilifika nikiwaka moto. Nilimwambia maneno ambayo siyarudii hapa kwa sababu mama yangu anajua kusoma. Ephraimu alisikiliza mpaka mwisho huku akipangusa kochi jingine, la bluu.

"Kaka," aliniambia kwa upole, "lilivunjika likiwa linafanya nini?"

"Likiwa limekaliwa!"

"Na nani?"

"Na shangazi wa mchumba wangu."

"Sasa kaka, ungesema mapema kwamba kuna shangazi. Lile ni kochi la sebule. Watu wanaingia, wanaliona, wanafurahi, wanakaa kwenye viti vya kulia chakula." Akalizunguka. "Kitambaa nakichukua, nakurudishia nusu ya pesa. Hizo mbao zako nenda nazo ukachemshie maharage."

Hivyo ndivyo nilivyobaki na nusu ya pesa, siku chache, na hasira nyingi kuliko zinazotosha mtu mmoja.

Habari mjini hapa hazihitaji simu. Siku ile ile baba mdogo Saruni, mdogo wake baba yangu, alitokea kibandani kwangu akiwa na shuka lake, fimbo yake, na viatu vyake vya matairi. Baba mdogo anakaa Kisongo. Ni Mwarusha wa ng'ombe. Ananunua na kuuza minadani tangu kabla sijazaliwa, na hajawahi kurudi nyumbani na mnyama anayechechemea.

"Shikamoo, baba mdogo."

"Marahaba. Nimesikia umemdondosha mama wa Kimeru."

"Ni kochi lilimdondosha."

"Ulimshika mgongo kabla ya kumnunua?"

"Nani?"

"Huyo kochi."

"Hapana, baba mdogo."

"Ulimwinua mguu? Ulitazama tumbo? Ulimuuliza mwenye mali kwa nini anamuuza?"

"Yule ni mfanyabiashara, baba mdogo. Anauza kwa sababu anauza."

Akanitazama kama unavyomtazama mtu aliyekwenda mnadani na kurudi na mkia. "Mimi sijawahi kununua kiti," alisema. "Nyumbani nina kigoda cha babu yako. Lakini kitu chenye miguu minne nakijua. Tafuta kwingine, siyo barabarani. Tafuta mwenye nacho anayehama. Siku hiyo mimi nitaongea, wewe utanyamaza. Na ukikipenda kitu, tazama pembeni."

Nilipata tangazo kwenye kundi la WhatsApp: familia inahama Njiro, vyombo vya ndani vinauzwa. Jumatano mchana tukagonga geti. Mama mwenye nyumba alijitambulisha kwa jina la Kandida, mfanyakazi wa ofisi fulani, anahamishiwa Dodoma. Sebule ilikuwa imejaa maboksi, na katikati ya maboksi kulikuwa na kochi.

Nilisahau kutazama pembeni. Lilikuwa kochi la watu watatu, mninga mtupu, mikono minene iliyochongwa bila mbwembwe, mito ya kijani iliyopauka kidogo. Baba mdogo akakohoa. Nikageukia kalenda ukutani, nikaisoma mwezi mzima.

Baba mdogo hakuuliza bei. Alilizunguka polepole. Akaweka kiganja mgongoni, akakandamiza kwa uzito wote. Akalipiga ubavuni. Akashika pembe moja akainua, na mguu wa upande wa pili ukainuka pale pale bila kuchelewa. "Kiuno hakijalegea," alinong'ona. Kisha akavua shuka, akalikunja, akalala chali sakafuni na kuingiza kichwa chini ya kochi.

"Mzee anatafuta nini?" aliuliza mama Kandida.

"Kupe," ilijibu sauti kutoka chini.

"Anamaanisha kunguni, mama," nikasema haraka.

"Kunguni! Kwenye nyumba yangu?"

"Hawapo," sauti ikasema, kana kwamba inasikitika. Baba mdogo akatoka, akajifunga shuka, na sasa akaanza ile kazi ninayoijua kutoka mnadani, kazi ya kumtukana mnyama unayemtaka. "Amezeeka. Manyoya yamepauka. Mpana huyu, atakula nafasi ya wenzake. Miguu mifupi."

"Mzee," alisema mama Kandida, mkono kiunoni, "unamsema nani hapa?"

Hapo nikaharibu. "Lakini baba mdogo, ni mninga! Na tazama viungo, hakuna hata msumari! Hili halivunjiki hata likaliwe na kwaya!"

Kiatu cha tairi kikanikanyaga kidole gumba. Uso wa baba mdogo haukubadilika.

"Kijana ana homa," alimwambia mama Kandida. "Kwa nini unamuuza?"

"Nimeshasema, nahamia Dodoma."

"Meza inakwenda Dodoma?"

"Inakwenda."

"Friji?"

"Linakwenda."

"Hata ule ufagio umefungwa kamba, unakwenda. Kila kitu kinakwenda. Kwa nini huyu peke yake anabaki?"

Mama Kandida akatazama dirisha. Akatazama maboksi. Wakati huo huo mlango wa ndani ukafunguka, akaingia mwanamume mwenye fulana na gundi ya karatasi mkononi. Alituona, akaliona kochi limesogezwa, uso ukamshuka.

"Kandida! Unauza kochi?"

"Godwin, tuliongea."

"Uliongea wewe!"

Mama Kandida akashusha pumzi. "Basi niseme ukweli, mzee, maana naona hutaondoka. Huyu ni mume wangu. Tukigombana, anakuja kulala hapa. Zamani alikuwa anaumwa mgongo, kesho yake anarudi kuomba msamaha. Siku hizi kochi limemzoea. Tukigombana Jumatatu, Alhamisi bado yuko hapa, ameshiba, anakoroma. Dodoma nataka tukigombana tumalizane siku ile ile. Kwa hiyo kochi haliendi."

Baba mdogo akatikisa kichwa kwa kuridhika, kama mtu aliyepewa cheti cha mganga wa mifugo. "Sasa nimekuelewa. Kumbe hana ugonjwa. Ana tabia tu. Lakini mwenye tabia lazima tumpunguze bei, mama. Huyu kijana anaoa. Unataka na yeye akimbilie huku?"

Mama Kandida akacheka mpaka akakaa juu ya boksi, na bei ikaanza kushuka. Wakati wawili hao wanavutana, Godwin alinisogelea, akanishika bega.

"Upande wa kushoto," alininong'oneza, macho yamelegea. "Kushoto ni laini zaidi. Mtunze."

Walipokubaliana nikadhani tumemaliza. Baba mdogo alikuwa bado amesimama.

"Sasa mtemee mate," alimwambia mama Kandida.

"Nini?"

"Ni baraka, mama," nikaeleza, jasho likinitoka. "Kwetu mwenye mali akitoa mnyama, anamtemea kidogo ili akatulie anakokwenda. Asipobariki anakuwa kama amemng'ang'ania."

"Lakini hili ni kochi."

"Ndiyo," alisema baba mdogo. "Na wewe hujambariki."

Mama Kandida alichungulia dirishani kama jirani yupo. Kisha akainama na kutoa kimate kikavu, cha kuombea radhi, hakikulowesha hata uzi.

"Hicho ni cha ofisini," alisema baba mdogo, "lakini kitafika."

Godwin yeye hakuombwa. Alikuja mwenyewe, akatema mate ya kweli kwenye mguu wa nyuma, akaenda zake chumbani.

Tulikubaliana tulichukue Jumamosi asubuhi, siku wanayopakia mizigo. Tulitoka pale tukitembea kama wanaume wawili waliopita mtihani. Baba mdogo alisimulia habari ile kwa mlinzi wa getini, kwa muuza vocha, na kwa mtu mmoja aliyekuwa anasubiri mwenzake. Mimi nilimpigia Brenda nikamwambia shangazi aje na kiburi chake chote, kochi limepatikana. "Rangi gani?" akaniuliza. Nikasema, "Rangi sikuiangalia." Ulikuwa uongo, lakini nilipenda ulivyosikika.

Jumamosi kirikuu kikatuletea kochi hadi uani. Dada yangu Naisiae alikuwa amekwishapika pilau tangu alfajiri, ameliacha ndani kwenye sufuria kubwa, amekwenda kazini. Sakafu nilikuwa nimeipiga deki mpaka inatisha kukanyaga. Mimi na baba mdogo tukabeba, mimi mbele, yeye nyuma, tukafika mlangoni.

Kochi likasimama.

Tukarudi nyuma, tukalilaza ubavu. Likasimama. Tukalisimamisha wima. Likagonga juu. Nikashika fremu ya mlango, nikashika kochi, nikatazama kimoja na kingine, na moyo wangu ukaanza kuelewa kabla ya kichwa. Baba mdogo amenunua ng'ombe maisha yake yote, na katika maisha yake yote ng'ombe akifika bomani huingia mwenyewe. Hajawahi kununua mnyama mpana kuliko lango. Kwa hiyo katika ukaguzi wake wote, kuanzia mgongo hadi kupe, hapakuwa na kipengele cha mlango.

"Huyu mlango ni mdogo," alisema baba mdogo.

"Mlango haujabadilika tangu Jumatano!"

"Usinipigie kelele. Nyumba ni ya nani?"

Na hapo hapo geti la uani likalia, wakaingia shangazi Marta, mzee Thomasi na Brenda, wamevaa nguo za kanisani. Nilitoa shikamoo kwa sauti ya mtu mwingine.

Shangazi aliitikia huku akipita. Aliliendea kochi pale uani, akalikandamiza mgongo. Akainua pembe. Baba mdogo akanyoosha shingo kuona. Kisha shangazi akakaa, siyo kwa adabu. Alijitupa, kama anayelipa kisasi. Kochi halikusema kitu. Akahamia katikati, akajitupa tena. Akahamia kushoto, akapepesa macho.

"Huku ni laini," alisema.

"Tumeambiwa," nikasema.

"Hili sasa ni kochi. Limenunuliwa kwa akili." Brenda akanitabasamia, na nikaona harusi inakuja inatembea. "Lakini mbona liko nje?"

"Tumemtoa apunge upepo, mkwe," alisema baba mdogo, bila hata kupepesa.

Nilitazama juu. Mlima Meru ulikuwa umejifunika kabisa, na wingu lilikuwa linashuka kuelekea kwetu, limejaa. Kulikuwa na uongo mwingi wa kuchagua. Ningeweza kusema fundi anakuja kupaka vanishi. Lakini Brenda alikuwa ananitazama, na nilijua nikidanganya tena nitakuwa nimemuuzia yeye mahameli.

"Sikupima mlango, shangazi," nikasema, na kwa sababu niliona aibu nikasema kwa sauti kubwa, kama ninamgombeza yeye. "Nimekagua miguu, nimekagua mgongo, nimekagua tumbo, nimekagua mpaka ndoa ya watu! Mlango wangu mwenyewe sikuupima!"

Mzee Thomasi alivua miwani mapema, kabla ya kicheko, ili isianguke.

"Afadhali umesema wewe kabla mvua haijasema," alijibu shangazi, na mvua ikaanza.

Sasa kila mtu akawa fundi. Baba mdogo akasema hili ni jambo la kawaida, ni ndama aliyekaa vibaya, atangulie kichwa. Shangazi akasema kichwa kipi, hili linatangulizwa miguu.

"Mama, mimi nimezalisha ng'ombe wengi."

"Na mimi ninafuga wa ndani, wa kisasa, wenye ndama wakubwa kama wewe! Mwaka juzi nilimzalisha mmoja nikiwa na gauni la kanisani. Tangulizeni miguu. Nitavuta kwa ndani."

Akaruka dimbwi, akaingia ndani, akashika miguu ya kochi. Sisi watatu tukasukuma kutoka nje, Brenda akipiga kelele za kuelekeza ambazo hakuna aliyezifuata. "Geuza! Pindisha! Subiri apumue! Sasa!" Kochi likapinda, likalia, likaingia nusu, likaganda. Tulisukuma, halikwenda. Tulivuta, halikurudi. Lilikuwa limeziba mlango kama kizibo cha chupa. Sisi tulikuwa nje kwenye mvua. Shangazi Marta alikuwa ndani peke yake.

"Vuteni nitoke," alisema shangazi kutoka ndani.

Nilikuwa naweka mabega tayari nilipomwona baba mdogo ameachia kochi na kuchuchumaa, fimbo magotini. Uso ule naujua. Ni uso wa mnadani.

"Mkwe," aliita kwa upole, "mikono imechoka. Tungekuwa tumeshajua siku ya harusi, nguvu ingerudi."

"Baba mdogo!" alisema Brenda. "Huyo ni shangazi yangu!"

Uso wa shangazi ukatokea dirishani, katikati ya nondo. "Saruni! Umenishika mateka?"

"Mimi sijashika mtu, mkwe. Kochi ndilo limeshika."

Shangazi akatutazama mmoja mmoja tulivyokuwa tunalowa. Kisha akaondoka dirishani. Tukasikia mlio wa mfuniko wa sufuria, na muda si mrefu harufu ya pilau ikatoka kupitia nondo, ikatusimamia puani.

"Hili pilau kapika nani?" sauti ikauliza, mdomo umejaa.

"Dada yangu, shangazi. Naisiae."

"Ana mkono mzuri. Nyama ameweka ya kutosha. Mimi huku ninaweza kukaa mpaka Jumatatu. Nyie huko mna nini?"

"Dada," aliita mzee Thomasi, maji yakimdondoka puani, "mimi ni wa upande wako!"

"Upande wangu ni huu wa ndani."

Baba mdogo akanitazama, na kwa mara ya kwanza maishani niliona amekutana na muuzaji anayemzidi. Walianza kurushiana maneno kupitia dirisha. Nikaona tutakesha. Nikapiga magoti kwenye tope, siyo kusali, ni kutazama. Wiki nzima nilikuwa nimesukuma, nimevuta, nimekaripia. Nikaingiza kichwa chini ya kochi na kuangalia limekwama wapi hasa.

Halikuwa limekwama kwenye fremu. Mlango wenyewe, ule ubao, ulikuwa umefunguka kwa ndani, na mkono wa kochi umeng'ang'ania pale kwenye bawaba. Mlango ukitoka, kochi linapita. Na skrubu za bawaba zilikuwa ndani, upande wenye shangazi na pilau.

Nikatoa bisibisi mfukoni, kubwa kuliko zote ninazotumia kwenye simu, nikasimama dirishani.

"Shangazi, naomba unisaidie. Fungua bawaba za mlango. Wewe peke yako ndiye unayezifikia."

Akaichukua bisibisi kati ya nondo, akaikagua, akanikagua na mimi. "Yaani sasa nyie wote mnanihitaji mimi."

"Ndiyo, shangazi."

"Saruni, umesikia?"

Baba mdogo akatazama pembeni.

Shangazi akavuta kile kistuli cha plastiki, akakaa kwenye mlango, akaanza kufungua, na kila skrubu ikawa na sharti lake. Skrubu ya kwanza ikadondoka: harusi ni kanisani kwetu Akheri, siyo ukumbi wa mjini. Tukakubali. Nyingine ikadondoka: ng'ombe wa mahari watakaguliwa na yeye mwenyewe. Baba mdogo akapinga, akasema yeye hapelekei watu ng'ombe wabovu, bisibisi ikasimama, mvua ikazidi, baba mdogo akakubali. Nyingine: Lemayian asinunue kitu chochote cha nyumbani bila Brenda. Nikakubali kabla hajamaliza, na Brenda akanifinya mkono, sijui kwa upendo au kwa onyo.

"Imebaki moja," alisema shangazi. "Hii ni ya tarehe. Harusi itakuwa baada ya kuvuna kahawa."

"Kabla," alisema baba mdogo. "Mwezi wa sita."

"Baada."

"Kabla, mkwe. Ng'ombe wameshanona, wakisubiri watakonda."

"Basi aseme mwenyewe anayeolewa," alisema shangazi.

Brenda alikuwa ameloa mpaka kilemba kimemwangukia shingoni. Alisogea dirishani. "Kabla, shangazi. Mwezi wa sita. Mimi sitaki kuchuma kahawa tena mwaka huu!"

Kisha ndani tukasikia kitu ambacho sikuwahi kukisikia, shangazi Marta akicheka, kicheko kinene cha kutoka tumboni.

"Mtoto mwenyewe mvivu," alisema. "Haya, mchukueni. Mwezi wa sita."

Skrubu ikadondoka. Mlango ukaegemea ukuta, na kochi, lililokuwa linasukumwa na mabega matatu bila kuambiwa, likaingia ndani kwa mara moja, baba mdogo amelala juu yake kama mzigo wa majani. Shangazi aliruka pembeni akiwa na sahani yake. Pilau halikumwagika.

Tulikula tukiwa tumelowa, mlango haupo, mvua inachungulia ndani. Shangazi alikaa kushoto, baba mdogo kulia, mzee Thomasi katikati akipangusa miwani kwa kitambaa cha meza. Walikuwa wanaongea habari za ng'ombe wa maziwa kama watu waliosoma darasa moja. Nikafikiri mambo yameisha.

"Lemayian," alisema shangazi akiweka sahani chini, "kitanda unacho?"

"Ninacho, shangazi."

"Alikinunua nani?"

"Mimi." Kisha, kwa sababu alikuwa bado ananitazama, nikaongeza, "Peke yangu."

Shangazi na baba mdogo wakatazamana. Wakainuka pamoja, wakaingia chumbani, na mzee Thomasi akawafuata ili asipitwe. Tukasikia godoro likitupwa sakafuni, kisha sauti ya shangazi: "Saruni, shika huko miguuni tukipindue."

Brenda alijifunika uso kwa kilemba kilicholowa. Akacheka humo ndani mpaka mabega yakatetemeka, kisha akasogea kochini, akanipigia nafasi kwa kiganja.

"Kaa," alisema. "Tarehe ameshatoa, hawezi kuirudisha."